Ndege hurukaje, na nishati yake huenda wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi huyarudia kila somo la kuruka linapofika, pamoja na machache yanayoulizwa na wazazi wakati wa kusaidia kazi za nyumbani. Yanaanza na mepesi na kuishia na yale yanayowatoa walimu jasho. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Jibu likihitaji jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Misingi ya kuruka

1. Ndege ina uzito wa tani nyingi. Inawezaje kukaa juu bila kushikwa na kitu?

Inashikwa, na kinachoishika ni hewa. Kwa kuwa hatuioni, tumezoea kuidhania kuwa si kitu, lakini hewa ina uzito wake. Meta moja ya ujazo ya hewa karibu na usawa wa bahari ina kilo 1.2 hivi. Chukua darasa lenye urefu wa meta 8, upana wa meta 6 na kimo cha meta 3: hewa iliyomo ndani yake inafika takriban kilo 170.

Bawa linapoikata hewa kwa kasi, huigeuza na kuisukuma chini. Isaac Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kila kani hujibiwa na kani nyingine iliyo sawa nayo na yenye mwelekeo wa kinyume. Bawa likiisukuma hewa chini, hewa nayo hulisukuma bawa juu. Ndege ya abiria husukuma chini tani nyingi za hewa kila sekunde, na haipumziki hata kidogo mpaka itue.

2. Kani nne zinazotajwa vitabuni ni zipi?

Uzito huivuta ndege chini, kani ya kunyanyua huibeba juu, msukumo wa injini huipeleka mbele, na ukinzani wa hewa huirudisha nyuma. Mwingereza George Cayley alizitenganisha kani hizi mapema sana. Mwaka 1799 alizichora kwenye kisahani cha fedha, zaidi ya miaka mia moja kabla ya ndugu Wright kuruka kwa injini tarehe 17 Desemba 1903.

Kuna kosa moja linalojirudia kwenye mitihani. Ndege inaposafiri kwa kasi isiyobadilika kwenye kimo kisichobadilika, msukumo *hauzidi* ukinzani, na kani ya kunyanyua *haizidi* uzito. Kani hizo zimelingana, jozi kwa jozi. Msukumo huzidi pale tu ndege inapoongeza kasi au inapopanda.

3. Nilifundishwa kwamba hewa ya juu ya bawa hukimbia ili iwahi kukutana na ile ya chini. Ni kweli?

Si kweli, ingawa maelezo hayo yamechapishwa katika vitabu vingi. Hakuna sheria yoyote inayoilazimisha hewa iliyogawanyika mbele ya bawa ikutane tena nyuma kwa wakati mmoja. Wanasayansi wakipitisha moshi kwa vipindi juu na chini ya bawa, huona moshi wa juu ukifika nyuma *kabla* ya ule wa chini. Hewa ya juu inakimbia kweli, tena kuliko inavyodaiwa, ila sababu si kuwahi miadi.

Umbo la bawa na jinsi lilivyoinama huilazimisha hewa ya juu kupinda na kufuata mgongo wa bawa. Ili hewa ipinde hivyo, kanieneo (kani ya hewa kwa kila eneo) juu ya bawa lazima iwe ndogo kuliko ya mazingira, na hewa inayoingia kwenye eneo la kanieneo ndogo huongeza kasi. Uhusiano huo wa kasi na kanieneo aliuandika Daniel Bernoulli mwaka 1738. Chini ya bawa kanieneo ni kubwa zaidi, kwa hiyo bawa husukumwa juu.

Je, sababu ni Newton au Bernoulli? Wote wawili. Ukijumlisha tofauti ya kanieneo kwenye bawa zima, unapata kani ileile unayoipata ukipima hewa iliyosukumwa chini. Ni tukio moja lililopimwa kwa njia mbili, na mwanafunzi anayezitaja zote mbili amejibu sawasawa.

4. Basi ndege za maonyesho huwezaje kuruka kichwa chini?

Rubani huinua pua kiasi kwamba bawa, japo limepinduka, bado linaisukuma hewa kuelekea ardhini. Pembe ambayo bawa linakutana nayo na hewa ina nguvu kuliko umbo la mgongo wake. Hata ubao bapa hunyanyuka ukiuinamisha vizuri, na ndege ya karatasi ni ushahidi tosha.

5. Kwa nini ndege hukimbia sana chini kabla ya kupaa?

Kwa sababu kani ya kunyanyua hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiwa mara mbili, kani inakuwa mara nne. Ikiwa mara tatu, kani inakuwa mara tisa. Ndege kubwa ya abiria huhitaji kasi ya kilometa 250 hadi 300 kwa saa ndipo mabawa yaweze kuubeba uzito wake wote.

Siku ya joto kali, au kwenye uwanja ulio juu milimani, hewa huwa nyepesi. Ndege hulazimika kukimbia umbali mrefu zaidi, na wakati mwingine hupunguziwa mizigo.

## Nishati ya ndege

6. Nishati ni nini, na “nishati haipotei” maana yake nini?

Nishati ni uwezo wa kufanya kazi: kusukuma, kunyanyua, kupasha joto. Sheria ya hifadhi ya nishati inasema kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika kutoka umbo moja kwenda jingine. James Joule, katika miaka ya 1840, aliacha mawe ya mizani yashuke na kuzungusha mapangaboi ndani ya maji. Maji yakapata joto kulingana na umbali ulioshuka mzigo. Mwaka 1847 Hermann von Helmholtz aliiandika sheria hiyo kwa upana wake.

Kwa ndege, maumbo manne yanatosha kueleza karibu kila kitu: nishati ya kikemia iliyo kwenye mafuta, nishati tuli inayotokana na kimo, nishati mwendo inayotokana na kasi, na joto. Kimo na kasi ni kama fedha zilizo kwenye mifuko miwili ya suruali moja: rubani anaweza kuzihamisha kutoka mfuko huu kwenda ule wakati wowote, na jumla hubaki ileile, isipokuwa hewa huchukua ushuru wake kila meta.

7. Nishati tuli na nishati mwendo hukokotolewaje?

Nishati tuli ni tungamo × 9.8 × kimo. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo × kasi × kasi. Tumia kilo, meta, na meta kwa sekunde; jibu litakuja kwa jouli, kipimo cha nishati.

Tuseme jiwe la kilo 1 liko meta 10 juu. Nishati tuli yake ni 1 × 9.8 × 10 = jouli 98. Likiachiwa, na ukinzani wa hewa ukiwa mdogo, jouli zote 98 zinakuwa nishati mwendo linapokaribia kugusa ardhi. Kasi yake hapo ni meta 14 kwa sekunde, yaani kilometa 50 kwa saa. Jaribu kukokotoa kwa jiwe la kilo 5. Kasi haibadiliki, kwa sababu tungamo lipo pande zote mbili za mlinganyo na hujifuta.

Mwanafizikia wa Ufaransa Émilie du Châtelet alilitetea jambo la kuzidisha kasi kwa kasi yenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1740. Aliegemea majaribio ya Willem 's Gravesande, aliyedondosha tufe za shaba kwenye udongo wa mfinyanzi. Tufe lililofika na kasi mara mbili lilichimba shimo la kina mara nne.

8. Ndege ya abiria iliyo angani ina nishati kiasi gani?

Tukokotoe kwa kilo moja tu ya ndege inayoruka kwenye kimo cha meta 11,000 kwa kasi ya meta 250 kwa sekunde, ambayo ni kilometa 900 kwa saa.

Nishati tuli: 9.8 × 11,000 = jouli 107,800.
Nishati mwendo: ½ × 250 × 250 = jouli 31,250.

Wanafunzi wengi hushangaa hapa, maana walitarajia kasi ndiyo iongoze. Kumbe kimo kinabeba zaidi ya mara tatu ya kile kilichobebwa na kasi. Shika tofauti hii, kwa sababu ndiyo inayojibu swali la 11.

Ndege nzima ya tani 70 ina karibu jouli bilioni 9.7. Kilo moja ya mafuta ya ndege hutoa jouli milioni 43 hivi, kwa hiyo kilo 226 tu zingetosha kuifikisha hapo kama kila jouli ingetumika. Lakini injini ya jeti hugeuza takriban theluthi moja tu kuwa kazi ya kuisukuma ndege, na sehemu kubwa ya nishati inayobaki hutoka na hewa ya moto nyuma yake.

9. Kama nishati haipotei, mbona ndege huchoma mafuta njia nzima?

Hili ndilo swali bora kuliko yote kwenye ukurasa huu. Ikishafika juu, ndege haiongezi kimo wala kasi. Nishati tuli haibadiliki, nishati mwendo haibadiliki. Mafuta yanalipa nini?

Yanalipa hewa. Kila meta ndege inayosogea, inalazimika kuisukuma hewa pembeni, kuisugua kwa ngozi yake, na kuiacha nyuma ikizunguka. Kwenye ncha za mabawa hewa ya chini, yenye kanieneo kubwa, hukimbilia juu na kuzaa vizingia viwili, yaani hewa inayojizungusha kama kimbunga kidogo, vinavyobaki angani dakika kadhaa baada ya ndege kupita. Ndiyo maana ndege ndogo hairuhusiwi kuifuata kubwa kwa karibu. Vizingia hivyo hutulia polepole, na nishati yake huishia kuwa joto: hewa iliyo nyuma ya ndege inakuwa na joto kidogo zaidi kuliko ilivyokuwa mbele yake.

Kwa namba: ndege ya tani 70 iliyotengenezwa vizuri hupata ukinzani wa takriban sehemu moja ya 17 ya uzito wake, yaani nyutoni 40,000 hivi. Katika kilometa moja hiyo ni kazi ya jouli milioni 40. Ukikumbuka theluthi ya swali la 8, unahitaji mafuta ya jouli milioni 120, ambayo ni karibu kilo 3 kwa kila kilometa.

10. Kama haipotei, kwa nini tunahimizwa kubana matumizi ya nishati?

Kwa sababu kinachopotea ni manufaa yake. Jouli zilizokuwa kwenye tangi la mafuta zingeweza kusukuma ndege. Zikishasambaa kama joto dogo kwenye anga nzima bado zipo zote, lakini hakuna mashine inayoweza kuzikusanya tena na kuruka nazo. Mafuta yaliyochomwa pia huacha hewa ya kaboni angani.

11. Injini zote zikizimika, ndege huanguka kama jiwe?

Hapana. Inakuwa glaida, yaani ndege isiyo na injini, na kimo chake ndicho mafuta yake mapya. Rubani huinamisha pua kidogo, na kila meta ya kimo inayoshuka hulipia ukinzani wa hewa ili kasi isishuke. Ndege yenye uwiano wa 17 kwa 1 uliotajwa katika swali la 9 inaweza kwenda kilometa 170 kutoka kimo cha kilometa 10.

Imetokea kweli. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Boeing 767 iliishiwa mafuta juu ya Kanada, ikiwa na watu 69, kwa sababu mafuta yalikuwa yamepimwa kwa ratili badala ya kilo. Kapteni Bob Pearson, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha glaida, aliielekeza Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga. Alipokaribia, tatizo lake lilikuwa *nishati kupita kiasi*: alikuwa juu mno. Kuinamisha pua kungegeuza kimo kuwa kasi, na ndege ingepitiliza uwanja. Akaigeuza ubavu, ikawa inakwenda mshazari na kukutana na hewa kwa upande wake. Ukinzani ukapanda, nishati ya ziada ikaishia hewani, kisha akainyoosha na kutua. Wote walipona.

Mwaka 2001 ndege ya Airbus A330 yenye watu 306 iliteleza hewani bila injini kwa dakika 19 hivi juu ya bahari ya Atlantiki, ikatua kwenye visiwa vya Azores. Hao nao waliokoka wote.

12. Ndege ikitua, nishati mwendo inakwenda wapi?

Ndege ya tani 60 inayogusa ardhi kwa meta 70 kwa sekunde ina jouli milioni 147. Nishati hiyo ingeweza kuchemsha zaidi ya lita 400 za maji. Sehemu kubwa huishia kwenye breki, ambazo hupata moto sana, na nyingine hupotelea hewani. Ukikaa dirishani nyuma ya bawa, tazama gurudumu linapogusa: vibamba husimama ghafla juu ya bawa. Huongeza ukinzani, lakini kazi yake kubwa ni kuiua kani ya kunyanyua ili uzito wote uyakalie magurudumu na breki zishike.

13. Kwa nini ndege huruka juu sana?

Kwenye meta 11,000 densiti ya hewa ni karibu asilimia 30 ya ile ya usawa wa bahari. Ndege inaweza kwenda kasi zaidi bila kutozwa ukinzani mkubwa. Haiwezi kupanda bila kikomo, maana mabawa na injini nazo huihitaji hewa hiyohiyo.

## Ndege wenye manyoya na ndege za karatasi

14. Tai hupandaje juu bila kupiga mabawa? Si anavunja sheria ya nishati?

Havunji. Jua hupasha ardhi, ardhi hupasha hewa, na hewa hiyo hupanda kama nguzo. Tai huzunguka ndani ya nguzo hiyo. Ukilinganisha na hewa inayomzunguka, anashuka. Ila hewa yenyewe inapanda haraka kuliko anavyoshuka yeye. Nishati tuli anayoipata imetoka kwenye jua.

Marubani wa glaida hufanya vivyo hivyo, na hutumia pia mawimbi ya upepo uliogonga milima. Tarehe 2 Septemba 2018 glaida iitwayo Perlan 2 ilifika zaidi ya meta 23,000 karibu na milima ya Andes, Argentina. Hicho ni zaidi ya maradufu ya kimo cha ndege za abiria.

Wapo ndege wanaotegemea misuli. Mwaka 2022 ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, akiwa na kifaa cha kufuatilia safari, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilometa 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Tangi lake lilikuwa mafuta ya mwilini, ambayo kwa kila gramu yana zaidi ya maradufu ya nishati iliyo kwenye sukari.

15. Nawezaje kupima nishati ya ndege yangu ya karatasi?

Karatasi ya kawaida ya A4 ina gramu 5, yaani kilo 0.005. Weka alama mbili ukutani zenye umbali wa meta moja, rusha ndege sambamba nazo, na rafiki achukue video ili mpate kasi ya mwanzo. Tuseme imeondoka kwa meta 6 kwa sekunde kutoka kimo cha meta 1.5:

Nishati mwendo: ½ × 0.005 × 36 = jouli 0.09.
Nishati tuli: 0.005 × 9.8 × 1.5 = jouli 0.07 hivi.

Jumla ni jouli 0.16. Ikigusa sakafu meta 9 mbele ikiwa na kasi ya meta 3 kwa sekunde, imebakiwa na jouli 0.02. Jouli 0.14 zimekwenda hewani. Gawanya kwa meta 9: ukinzani wa wastani ni nyutoni 0.016, karibu theluthi ya uzito wa karatasi. Linganisha na sehemu moja ya 17 ya ndege halisi.

Kunja upya, badilisha kitu *kimoja* tu, rudia. Ukibadilisha mabawa na pua kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

16. Kwa nini ndege yangu hupanda ghafla, husimama, kisha huanguka kwa pua?

Nyuma ni nzito mno, au kingo za nyuma za mabawa zimepinda juu kupita kiasi. Pua inapoinuka, kasi hugeuka kuwa kimo mpaka inakwisha. Wakati huohuo bawa linakuwa limeinama mno. Ikipita nyuzi 15 hivi, hewa ya juu haiwezi tena kufuata mgongo wake, inaachia, na kani ya kunyanyua inaporomoka. Ndege kubwa nazo hupatwa na hali hii, na dawa yake ni kushusha pua ili kimo kirudi kuwa kasi. Kwa karatasi, bana kibanio kimoja puani au nyoosha kingo za nyuma.

## Maswali magumu

17. Ndege inaweza kuruka kwa jua peke yake, hata usiku?

Ndiyo. Solar Impulse 2, yenye mabawa ya meta 72 na uzito wa tani 2.3 hivi, ilimaliza kuzunguka dunia Julai 2016. Mchana paneli zilichaji betri na kuipandisha ndege hadi meta 8,500 hivi. Jua likizama, ilianza kushuka taratibu na kutumia kimo kwanza, ili betri zibaki kwa saa za mwisho za usiku.

Kwa ndege kubwa za abiria kikwazo ni uzito. Kilo moja ya betri nzuri hubeba takriban jouli milioni 0.9, ilhali mafuta hubeba milioni 43. Mota ya umeme haipotezi nishati nyingi kama jeti, lakini pengo hilo bado ni kubwa. Isitoshe, mafuta hupungua uzito safarini. Betri tupu ina uzito uleule.

18. Puto na roketi nazo hutumia mabawa?

Hapana. Puto huelea kwa sababu hewa ya moto iliyomo ni nyepesi kuliko ya nje. Roketi hutupa gesi nyuma kwa kasi kubwa, na gesi huisukuma mbele, kwa sheria ileile ya Newton ya swali la 1. Hubeba oksijeni yake, kwa hiyo haihitaji hewa.

19. Inawezekana kuruka kwenye sayari ya Mars?

Tarehe 19 Aprili 2021 helikopta ndogo ya Ingenuity, yenye kilo 1.8, iliruka huko. Hewa ya Mars ina densiti ya karibu asilimia moja ya hewa yetu. Ilisaidiwa na uvutano dhaifu, lakini rotari zake, zenye upana wa meta 1.2, zililazimika kuzunguka mara 2,400 na zaidi kwa dakika.

20. Nikiweka pangaboi kwenye bawa, lizungushwe na upepo na kuzalisha umeme wa kuendesha injini, ndege si itaruka milele?

Wazo hili huja kila mwaka, na anayelileta anafikiri vizuri. Upepo unaozungusha pangaboi umetokana na mwendo wa ndege yenyewe. Pangaboi likichukua jouli 100 kutoka kwenye upepo huo, huongeza ukinzani unaoinyang'anya ndege jouli zaidi ya 100. Sehemu ya nishati hiyo hugeuka joto kwenye jenereta, na sehemu nyingine huachwa kwenye hewa inayozunguka nyuma yake. Ukiirudisha kwenye injini unapata pungufu ya ulichotoa, kila mzunguko.

Hata hivyo pangaboi kama hilo lipo kwenye ndege nyingi za abiria, limefichwa ndani ya mwili wa ndege. Injini zikizimika, hujitokeza na kutoa nishati ya kuendeshea usukani na vipimo muhimu. Lilifanya kazi pia katika safari ya Gimli ya swali la 11. Gharama yake ililipwa kwa kimo, na kadiri ndege ilivyopunguza kasi ikikaribia uwanja, ndivyo pangaboi lilivyotoa nguvu kidogo na usukani ukazidi kuwa mzito mikononi mwa marubani.